Wasomaji Wauliza: Kupima Presha Mfululizo kwa Kiraka cha Ultrasaundi

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamehusu viraka vya ultrasaundi vinavyobandikwa kwenye ngozi ili kufuatilia shinikizo la damu usiku na mchana. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Nasikia Marekani wametengeneza kiraka cha kubandika mkononi kinachopima presha mfululizo bila mkanda wa kubana. Kinajuaje presha wakati hakibani chochote? — Fundi wa vifaa tiba, Mbeya

JIBU: Ndugu fundi, kiraka hicho kinapima upana wa mshipa, kisha presha inakokotolewa kutokana na upana huo. Hili lishike mapema, maana ubora na udhaifu wote wa teknolojia hii unatoka hapo.

Ndani yake kuna vipande vidogo vya kauri ya piezo, ambayo hutetemeka ikipewa umeme na hutoa umeme ikitikiswa. Kipande kinapopigwa volti kwa muda mfupi sana, hutoa mlio usiosikika kwa sikio, wa megahezi 7.5 hivi. Mlio huo hupita kwenye nyama kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde. Ukigonga ukuta wa mbele wa ateri unarudi mwangwi, na ukigonga ukuta wa nyuma unarudi mwangwi wa pili. Ateri yenye kipenyo cha milimita 4 hutenganisha miangwi hiyo kwa mikrosekunde 5.2. Moyo ukisukuma damu, ateri hutanuka na muda huo huongezeka kidogo. Moyo ukitulia, hupungua. Rudia mara mamia kwa sekunde, nawe unapata mchoro kamili wa kila pigo.

Kundi la Profesa Sheng Xu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilichapisha kiraka cha aina hii mwaka 2018. Kilikuwa na unene wa mikromita 240, kikivutika hadi asilimia 60, na kiliweza kufikia mishipa iliyo sentimita 4 chini ya ngozi. Mwaka 2024 walichapisha toleo lililoboreshwa, lililojaribiwa kwa watu 117. Kati yao, 21 walikuwa kwenye chumba cha katheta ya moyo (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mishipa hadi moyoni) na 4 walikuwa mahututi baada ya upasuaji. Hao ndio muhimu zaidi kwetu, kwa sababu kiraka kililinganishwa na mrija uliowekwa ndani ya ateri, kipimo cha kuaminika kuliko vyote. Mabadiliko makubwa kutoka lile la 2018 yalikuwa mawili: kauri zilipangwa kwa kubanana zaidi ili ateri isikosekane, na nyuma yake likaongezwa tabaka la kumeza mitetemo isiyotakiwa.

Sasa hesabu. Presha ya chini tuiite Pc, na eneo la mkato wa ateri wakati huo Ac. Presha ya juu ni Pj, eneo lake Aj. Presha ya wakati wowote, P, eneo la ateri likiwa A, ni

P = Pc × e^(α × (A/Ac − 1)), ambapo α = ln(Pj/Pc) ÷ (Aj/Ac − 1).

Herufi α inawakilisha ugumu wa ukuta wa mshipa wa mtu huyo. Inapatikana kwa kumpima kwanza kwa mashine ya kawaida yenye mkanda; huko ndiko kusawazisha kifaa. Tuseme mashine imesoma 120/80, na ateri inatoka kipenyo cha mm 4.00 hadi mm 4.20. Uwiano wa maeneo ni 1.1025, kwa hiyo α = 0.4055 ÷ 0.1025, yaani 3.96. Baada ya hapo mkanda unawekwa kando na kiraka kinaendelea peke yake.

Tazama sasa jinsi hesabu hii isivyosamehe. Kifaa kikikosea kipenyo cha juu kwa mikromita 20 tu, kikasoma mm 4.22 badala ya 4.20, presha ya juu inatoka 125 badala ya 120. Mikromita 20 ni pungufu ya unene wa unywele. Lakini kosa la kasi ya sauti, likiwa lilelile muda wote, halidhuru, kwa kuwa kinachoingia kwenye hesabu ni uwiano wa maeneo. Kosa linaloua kipimo ni lile linalobadilikabadilika: kiraka kuteleza, pembe kugeuka, jeli iliyo kati ya kiraka na ngozi kukauka.

SWALI: Mama yangu ana presha ya muda mrefu. Kiraka hiki nitakipata duka gani la dawa? — Msomaji, Tanga

JIBU: Dada, usikingoje. Kile cha San Diego cha mwaka 2024 kilikuwa kifaa cha utafiti, kimeunganishwa kwa waya na mashine za maabara. Mnunulie mama mashine ya umeme yenye mkanda wa mkono wa juu, na hakikisha mkanda unatosha mkono wake, kwani mkanda mdogo husoma presha kubwa kuliko ilivyo. Akae dakika 5 bila kuzungumza, mgongo umeegemezwa, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Apimwe mara 2 au 3 kwa kuacha dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku 7 kabla ya kwenda kliniki. Majibu yaandikwe yote, hata yale yanayowatia hofu. Na dawa asiache kwa sababu namba zimekuwa nzuri. Zimekuwa nzuri kwa sababu anakunywa dawa.

SWALI: Nasomea uhandisi wa vifaa tiba, mwaka wa mwisho. Nataka kujenga mfano wa kipande kimoja, siyo kiraka kizima. Nianze na nini, na nini kitanikwamisha? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

JIBU: Umefanya uamuzi mzuri kuanza na kipande kimoja. Matatizo yote ya kiraka yamo humo, isipokuwa lile la kunyumbuka.

Kauri kwanza. Chagua ya mchanganyiko, ile yenye nguzo ndogondogo za PZT (aina ya kauri ya piezo yenye risasi) zilizozungukwa na epoksi, kuliko kipande kizima cha PZT. Hupeleka nguvu kwenye mwili vizuri zaidi na haitetemi sana upande kwa upande. Kwa megahezi 7.5 unene wake ni karibu robo ya milimita. Upana uuchague kulingana na kina cha mshipa, na hapa wengi hukosea kwa kununua kipande kikubwa wakidhani kitaona zaidi. Boriti ya sauti hujibana yenyewe kwenye umbali sawa na nusu-kipenyo mraba ukigawa kwa urefu wa wimbi, ambao kwa masafa haya ni mm 0.205. Kipande cha kipenyo cha mm 4 hujibana karibu mm 20 mbele yake; hicho kinafaa shingoni. Kwa ateri ya mkono juu kidogo ya kiwiko, iliyo kwenye kina cha mm 8 hivi, chukua cha mm 2.5.

Usiunganishe waya kwa risasi ya kawaida ya kuchomelea. PZT laini ya aina ya 5H hupoteza kabisa nguvu yake ya piezo ikifikia nyuzi 190 hivi za Selsiasi, na huanza kudhoofika mapema zaidi. Tumia epoksi yenye fedha, iache ikauke kwa nyuzi 60 hadi 65 kwa saa kadhaa. Nyuma ya kauri mimina epoksi iliyochanganywa na unga wa tungsteni, uzito wa tungsteni ukiwa mara 2 hadi 3 ya ule wa epoksi, unene usiopungua mm 4. Koroga polepole, kisha toa mapovu kwa pampu ya ombwe.

Usiruke hatua hiyo ya mgongo. Kauri isiyo na mgongo hulia kama kengele baada ya kupigwa. Mwangwi wa ukuta ulio mm 3 chini ya ngozi hurudi baada ya mikrosekunde 3.9. Kama kauri bado inalia wakati huo, mwangwi umemezwa, na hakuna programu itakayoufufua. Ukiona kwenye oskiloskopu (kifaa cha kuchora mawimbi ya umeme) mlio unaochukua zaidi ya mikrosekunde 2, rudi kwenye mgongo kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Utapoteza sehemu ya nguvu ya mwangwi, ndiyo. Ni gharama unayoilipa kwa hiari.

Mbele ya kauri weka tabaka jembamba la epoksi la robo ya wimbi, karibu mm 0.09. Kauri ni nzito mno kwa sauti ukilinganisha na ngozi, na bila tabaka hilo sehemu kubwa ya nguvu hurudi ilikotoka.

Upande wa elektroniki, jozi ya MD1213 na TC6320 hutoa mapigo makali ya makumi ya volti. Anza na volti 30. MD0100 hulinda mpokeaji yasimfikie mapigo hayo. AD8331 hukuza mwangwi, na kigeuzi cha biti 12 cha kubadili ishara kuwa namba, kama AD9226, huchukua sampuli milioni 50 kwa sekunde. Kidhibiti kidogo cha kawaida hakitamudu kasi hiyo, kwa hiyo tumia ubao wa FPGA (chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe). Piga mara 1,000 kwa sekunde na uchukue wastani wa mapigo 4; utabaki na mistari 250 kwa sekunde, inayotosha kuchora umbo la pigo.

Programu ichuje kati ya megahezi 4 na 11, kisha ipange mistari sambamba kama kurasa ili uone kuta zikisogea. Ateri utaitambua kwa kuta mbili zinazoachana na kurudiana kwa mdundo wa moyo. Vena, mshipa unaorudisha damu kwenye moyo, haidundi namna hiyo, na ukiibonyeza kidogo hufungika. Usifuatilie ukuta kwa kuchagua kilele cha mwangwi. Sampuli mbili jirani zinatofautiana kwa mikromita 15.4 za kina, na tumekwisha kuona mikromita 20 zinagharimu nini. Linganisha vipande vya mawimbi vya urefu wa mawimbi 3 hivi kati ya mstari na mstari, tafuta mahali vinapofanana zaidi, kisha pitisha parabola kwenye pointi 3 za juu ili upate sehemu ya sampuli. Makosa madogo hujilimbikiza ukifuata mstari kwa mstari, hivyo rudi mwanzo kila pigo, mahali pa presha ya chini.

Jaribu kwanza kwenye mrija wa mpira ndani ya beseni la maji, damu ikiwakilishwa na maji yanayosukumwa kwa bomba la sindano, na kipima presha kikiwa kimeunganishwa kwenye mrija huohuo. Kumbuka maji ya nyuzi 20 hupitisha sauti kwa mita 1,482 kwa sekunde. Ukiacha 1,540 kwenye programu, mrija wa mm 4 utaonekana mm 4.16 na utahangaika bure.

Ukifika kwenye mkono wa mtu, adui wa kwanza ni hewa. Povu moja chini ya kauri hurudisha karibu sauti yote. Jeli ya kawaida ina maji na hukauka ndani ya saa chache. Ndiyo maana kundi la Xuanhe Zhao pale MIT, walipochapisha kiraka chao cha picha mwaka 2022, walifunga haidrojeli kati ya tabaka mbili nyembamba za mpira na kikadumu saa 48 mwilini. Kwa majaribio ya dakika 30 jeli inatosha, ila nyoa vinyweleo na ufute jasho. Adui wa pili ni pembe. Boriti ikipita pembeni mwa kitovu cha ateri ya mm 4 kwa mm 1, utasoma mm 3.46, na mwangwi utafifia kwa sababu ukuta hautazami tena kauri. Viraka kamili huweka kauri nyingi kwa sababu hiyo hasa: programu huchagua ile inayopata mwangwi mkali kutoka kuta zote mbili. Wewe mwenye moja, isogeze nusu milimita kwa nusu milimita mpaka kipenyo kiwe kikubwa kabisa na miangwi yote miwili iwe mikali, ndipo uifunge. Usifunge kwa bandeji ya kubana. Ukibonyeza ateri umekwisha kubadilisha kile unachokipima.

Endesha kila kitu kwa betri kinapogusa mtu, siyo kwa umeme wa ukutani. Na kabla ya kumpima mtu yeyote kwa ajili ya utafiti, pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, na uulize mapema kama unahitaji pia cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

SWALI: Saa yangu yenye taa ya kijani inaonyesha presha. Si kitu kilekile? — Muuguzi, Nakuru

JIBU: Sivyo. Taa huona damu ikijaa na kupungua kwenye vimishipa vya juu ya ngozi, ambavyo hubana kwa baridi na kulegea kwa joto hata kama presha ya ateri kubwa haijabadilika. Mwanga wa kijani pia hunywewa na rangi ya ngozi, hivyo ngozi nyeusi hurudisha ishara dhaifu. Sauti haijali rangi ya ngozi. Inachojali ni mafuta: sauti hufifia kwa takriban desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi kwenye kina cha sentimita 4 kwa megahezi 7.5 inakula desibeli 30. Kwa mtu mnene ateri ya mkono ni ngumu kuipata kuliko ya kifundo cha mkono.

SWALI: Hakuna njia ya kuachana kabisa na mkanda wa kusawazishia? — Mbunifu wa vifaa, Nairobi

JIBU: Zipo mbili zinazostahili kufuatiliwa. Ya kwanza inategemea kanuni ya Bramwell na Hill ya mwaka 1922: kasi ya wimbi la pigo hukueleza ugumu wa ateri, ukijua pia eneo lake. Weka kauri mbili juu ya ateri moja, pima wimbi linachukua muda gani kutoka ya kwanza hadi ya pili. Tatizo ni umbali. Kauri zikiachana sentimita 2 na wimbi likienda mita 8 kwa sekunde, muda ni milisekunde 2.5. Ukikosea milisekunde 0.2, kasi imekosewa kwa asilimia 8, na kwa kuwa kanuni inaipandisha kasi mraba, ugumu umekosewa kwa asilimia 16. Mistari 250 kwa sekunde haitoshi hapa. Unahitaji elfu kadhaa. Juu ya hayo, wimbi linalorudi kutoka vidoleni hujichanganya na linalokwenda, kwa hiyo pima mwanzo kabisa wa kupanda kwa pigo, kabla halijafika. Na hata ukiupata ugumu sawasawa, kanuni hiyo inakupa mabadiliko ya presha ndani ya pigo. Kiwango chenyewe bado kinahitaji dhana nyingine.

Ya pili ilichapishwa mwaka 2024 na watafiti wenye uhusiano na Caltech: wanautikisa ukuta wa ateri kwa sauti na kusikiliza unavyoitika, kama ngozi ya ngoma inavyobadili mlio ikikazwa. Ultrasaundi inapima kipenyo, mwitikio unatoa mkazo, na presha inatoka humo bila mkanda. Kwa mtazamo wetu hii ndiyo yenye matumaini zaidi, maana inashughulikia kile ambacho kipenyo peke yake hakiwezi kusema. Misuli ya ukuta wa ateri ikikaza kwa baridi au kwa dawa, kipenyo hupungua bila presha kushuka, na hesabu ya α ya asubuhi inakuwa ya mtu mwingine.

SWALI: Kuvaa ultrasaundi saa 24 hakuna madhara? — Mwalimu, Bukoba

JIBU: Mapigo ya kupima mshipa ni mafupi mno, na jumla ya nguvu inaweza kubaki chini sana ya kikomo cha FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) kwa uchunguzi, ambacho ni miliwati 720 kwa sentimita mraba. La kuangaliwa zaidi ni joto la kauri na saketi, kwa sababu kiraka hakiondolewi kama kifaa cha ultrasaundi cha hospitali. Kiwango cha kimataifa kinataka uso unaogusa ngozi usizidi nyuzi 43. PZT ina risasi ndani yake, kwa hiyo lazima ifunikwe kabisa, na fundi asiipige msasa ikiwa kavu.

SWALI: Mtengenezaji akija hospitalini na kusema kifaa chake "kimethibitishwa", nimwulize nini? — Daktari, Moshi

JIBU: Kwanza mwulize kwa kiwango gani. Cha mashine za mkanda, ISO 81060-2, kinataka watu wasiopungua 85, wastani wa kosa usiozidi mmHg 5 (mmHg ndicho kizio cha presha) na mtawanyiko usiozidi 8. Kifaa kinachosawazishwa kwa mkanda kinaweza kukipita bila kujua chochote. Ukikisawazisha saa 3:00 na kukijaribu saa 3:10 kwa mtu aliyekaa kimya, kifaa kinachorudia tu namba ya mkanda nacho kitafaulu.

Ndiyo maana Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu mwaka 2023 ilipendekeza majaribio sita kwa vifaa visivyo na mkanda: mtu akiwa ametulia, mkono ukiinuliwa na kushushwa, kabla na baada ya dawa, macho na usingizini, wakati wa mazoezi, na mwisho muda unavyokwenda baada ya kusawazisha. Omba matokeo ya kila moja. La mkono unaweza kulifanya mwenyewe hapohapo: shusha kiraka sentimita 10 chini ya usawa wa moyo. Uzito wa damu pekee unaongeza karibu mmHg 8 ndani ya ateri hiyo. Kifaa kisichoonyesha ongezeko hilo, na ambacho mtengenezaji hawezi kueleza kinafidiaje urefu, hakiisikii ateri.

Mwulize pia kilisawazishwa kwa mkono upi. Mkanda ukibana mkono wenye kiraka, ateri hufungwa na ishara hupotea, kwa hiyo wengi hutumia mkono wa pili. Mgonjwa ambaye mikono yake inatofautiana kwa zaidi ya mmHg 10 atabeba kosa hilo usiku kucha, na wagonjwa wa namna hiyo ndio hasa utakaotaka kuwafuatilia. Na mwombe namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Kwa wasomaji wa Kenya, ya Pharmacy and Poisons Board.